Ngeli ya Mtoto: Uhakiki wa Filamu ya A.I.

Filamu ya A.I. Artificial Intelligence, iliyoongozwa na Steven Spielberg mwaka 2001, ina chimbuko lake katika hadithi fupi ya Brian Aldiss ya mwaka 1969. Inasimulia habari za David, roboti aliyeundwa kwa sura ya mtoto na kupewa uwezo wa kupenda. Monica, ambaye mwanawe wa kuzaa ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anamtamkia David maneno saba ya kumfungamanisha naye. Tangu hapo David hamwiti tena kwa jina, humwita mama. Mwana yule anapopona na kurudi nyumbani, David hatimaye anaachwa msituni. Anaanza kumtafuta kichimbakazi wa kumgeuza mtoto wa kweli, ili apendwe.

Mfasiri wa Kiswahili hukabiliwa na tatizo mapema. Neno roboti, likiwa jina la chombo, huchukua upatanisho wa I-ZI. Viumbe wenye uhai huchukua A-WA. Je, David "analia" au "inalia"? Yaonekana kana kwamba kila kitenzi ni hukumu juu ya utu wake.

Lugha za Meru na Embu zatupa sababu ya kuishuku hukumu hiyo. Katika Kimeru na Kiembu, mtoto mdogo huweza kutajwa kwa kiambishi ka-, ambacho ni cha vitu vidogo pia, na vitenzi vikafuata. Mama wa Nkubu au wa Runyenjes hapunguzi utu wa mwanawe kwa kumtaja hivyo. Utu wa mtoto haumo katika ngeli, umo katika kuita na kuitikiwa. Waembu, mathalani, humpa mtoto jina la babu au nyanya yake. Kabla hajajua kupenda, tayari wapo wanaodaiwa upendo naye.

Kwa kipimo hicho, kasoro ya filamu hudhihirika. David anaamini, na mara nyingi filamu hutushawishi nasi tuamini, kwamba kinachomzuia kupendwa ni mwili wake. Lakini yale maneno saba yalimfunga yeye peke yake. Monica hakufungwa na neno lolote.

Mwishoni, baada ya miaka 2,000, viumbe wa zama hizo wanamfufua Monica kwa siku moja tu, naye anamwambia David kwamba anampenda. Wahakiki kadhaa wameuona mwisho huo kuwa wa machozi mepesi. Sisi twauona kuwa wa kutisha. Wito wa "mama" umeitikiwa, lakini na mama aliyerejeshwa kwa ajili ya kumridhisha mtoto, asiye na mume wala mwana mwingine wa kumkumbuka. Sasa ni yeye aliyeumbwa ili apende.

Basi mfasiri na atumie a- bila wasiwasi. Kazi ngumu imo katika neno "mama", ambalo lazima lisikike tofauti siku ile ya maneno saba na siku hii ya mwisho.