Kulinganisha tawala: tuwaweke wapi Banande?

Elimu ya kulinganisha tawala inauliza mambo matatu: nani anatawala, kwa nguvu gani, na kwa nini watu wanamutii. Mwaka 1940 Fortes na Evans-Pritchard walitoa kitabu African Political Systems, chenye kuchunguza makabila 8 ya Afrika. Waliyagawanya katika mafungu makubwa mawili: yenye serkali, kama Banyankole, na yasiyo na serkali, kama Wanuer.

Kazi ni nzuri, lakini mafungu hayo hayatoshi. Tuwaweke wapi Banande wetu? Walikuwa na bami wengi, wala hakukuwa na mufalme mumoja juu ya wote. Mwaka 1981 Randall Packard, akiandika juu ya Bashu wa inchi ya Beni, alionyesha kwamba mwami alipimwa kwa mvua na mavuno. Njaa ikiingia, wapinzani wake walipata nguvu.

Basi, mwenye kuhesabu ofisi na kodi tu ameacha nusu ya jambo. Katekista anayemuona mwami kama karani wa teritwari hataelewa kwa nini neno lake lina uzito. Tulinganishe, ndiyo, lakini kwanza tuwaulize watu wenyewe utawala mwema ni nini.