Mwongozo wa Maktaba Uanze na Maandishi, Bango Lifuate

Ukitaka bango la warsha lichapishwe haraka na kwa bei nafuu katikati ya Nairobi, utateremka River Road. Wabunifu wa huko wanaijua kazi yao, na kwenye karatasi bango hutoka safi. Tatizo huanza maktaba inapochukua faili lile lile na kulipandisha kwenye tovuti kama mwongozo wa mtandaoni. Hapo msomaji asiyeona hufungiwa nje, na chanzo ni cha kiufundi.

Kabla ya kazi kwenda kwenye mashine, mbunifu hugeuza herufi zote kuwa michoro ili fonti isiharibike faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Kwa uchapaji, huo ni utaratibu mzuri. Ila kuanzia hapo faili halina herufi hata moja. Lina maumbo tu yanayofanana na herufi. NVDA, programu ya bure inayowasomea wasioona yaliyo kwenye skrini, haipati cha kusoma. Hata anayeona, akifungua kwa simu, atalazimika kukuza na kusogeza kila mstari. Kipimo ni rahisi: jaribu kunakili neno moja kutoka kwenye PDF. Lisiposhikika, mwongozo huo ni picha.

Kwa hiyo marekebisho huanzia kwenye maandishi yenyewe, kabla ya rangi na nembo. Vichwa viwekwe kwa mitindo ya vichwa iliyomo kwenye programu ya kuandikia. Mtumiaji wa NVDA hubonyeza herufi H kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Ukikuza na kukoleza maneno tu, jicho litaona kichwa lakini programu itapita bila kukitambua. Viungo navyo vijieleze. Anayeorodheshewa viungo vya ukurasa na kusikia "bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa" hajui pa kwenda, ila "Ingia JSTOR" inamtosha. Picha ya skrini ipewe maelezo yanayofundisha: "Kisanduku cha kutafutia kiko juu ya ukurasa, katikati."

Jambo linalosahaulika zaidi kwetu ni lugha. Miongozo yetu huchanganya Kiswahili na Kiingereza. Ukurasa usipotambulishwa lugha yake, "chagua mwaka wa uchapishaji" husomwa kwa matamshi ya Kiingereza na msikilizaji haambulii kitu. Dawa ni alama fupi kwenye msimbo: lang="sw" kwa ukurasa mzima, na lang="en" kwa sehemu za Kiingereza. Sauti ya eSpeak inayokuja na NVDA inakifahamu Kiswahili, mradi iambiwe.

Rangi zina hesabu yake. Vigezo vya kimataifa vya WCAG vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Nyekundu kali inayopendwa kwenye mabango, ikiwekwa juu ya nyeupe, hufika takriban 4 kwa 1. Inafaa kwa maandishi makubwa, ambayo huhitaji 3 kwa 1, lakini si kwa maelezo ya hatua. Ukiikoza kidogo, inapita.

Yote haya huporomoka kila mkutubi akibuni ukurasa wake kivyake. Kiolezo kimoja hulinda kazi: jina la warsha, utakachojifunza, hatua, mazoezi, kisha mahali pa kuomba msaada, kwa mpangilio ule ule katika kila mwongozo. WCAG 2.2 ya mwaka 2023 inadai hivyo hivyo kuhusu msaada: ukitolewa katika kurasa kadhaa, ufuate mpangilio ule ule katika kila ukurasa. Mifumo kama LibGuides huruhusu kisanduku kimoja kitumike katika miongozo mingi. Nambari ya simu ya dawati ikibadilika, huibadilisha mara moja tu, na hakuna mwanafunzi anayepiga simu iliyokufa.

Kenya haikosi msingi wa kudai haya. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia nyenzo na vifaa vya kumwondolea vikwazo, na mwaka 2022 Shirika la Viwango, KEBS, lilitoa kiwango cha KS 2952 kuhusu bidhaa na huduma za TEHAMA zinazofikika na wote.

Ombi langu kwa wakutubi ni hili: andikeni mwongozo kwanza kama maandishi yenye vichwa, uwekeni mtandaoni hivyo, kisha ndipo mpeleke nakala River Road ipambwe kwa ajili ya ukutani. Na kabla ya kuutangaza, mpeni msomaji asiyeona aupitie hadi mwisho peke yake. Akikwama, kazi haijaisha.