Panya Laki Tatu, Hofu Kidogo

Mwaka 2019 studio ya Asobo ya Bordeaux, Ufaransa, ilitoa A Plague Tale: Innocence, gemu yenye hadi panya 5,000 kwenye skrini kwa wakati mmoja. 2022 ikaja ya pili, Requiem, na panya 300,000. Mara sitini! Kila mtu alishikilia hiyo namba kama bei ya ofa. Nimemaliza zote mbili, na panya walioninyima usingizi ni wale elfu tano.

Hadithi ni ya karne ya 14, tauni na vita. Amicia anamtorosha Hugo, mdogo wake wa miaka mitano. Panya wanakula chochote chenye nyama, ila wanaogopa mwanga. Kanuni ni hiyo tu. Ukishika mwenge wanakuachia duara. Mwenge ukififia, duara linakubana.

Kanuni chache ndizo hujenga kundi. Mwaka 1986 Mmarekani Craig Reynolds alitengeneza Boids, ndege wa kompyuta wasio na kiongozi. Kila mmoja anafuata mambo matatu: usimgonge jirani, elekea wanakoelekea wenzako, usiachwe na kundi. Basi, kundi linaruka kama lina akili moja.

Shida ni hesabu. Kila mmoja akimwangalia kila mwenzake, panya 5,000 ni jozi karibu milioni 12.5. Panya 300,000 ni jozi bilioni 45, na jibu linatakiwa angalau mara 30 kwa sekunde. Kwa hivyo watengenezaji wa makundi hudanganya kidogo: kila kiumbe aangalie walio karibu tu, na wa mbali wachorwe kirahisi. Huo ni ufundi wa kweli, siudharau.

Lakini ufundi unafanya kazi gani? Katika Innocence, askari wawili wanapiga stori zao kando ya taa. Unarusha jiwe kwa kombeo, taa inapasuka, giza linaingia, panya wanamaliza kazi. Wewe hukumgusa mtu. Gemu inakuuliza bila kusema neno: kundi likiua kwa niaba yako, damu iko mikononi mwa nani? Mimi nilikaa na hilo swali wiki nzima.

Requiem bado ina mienge na giza, na Amicia anaongea wazi kuhusu hasira yake. Ila zile nyakati zake kubwa, mji unabomoka na panya wanamiminika kama mafuriko, ni noma kwa macho tu. Mafuriko hayakuangalii. Hayarudi nyuma ukiinua mwenge. Wewe kazi yako ni kukimbia kwenye njia uliyochorewa. Panya wamekuwa maji, na hakuna mtu hujiuliza kama amewatumia maji vibaya.

Halafu kuna suala la mlango. Requiem haikuletwa PS4, na hapa mtaani kwetu sehemu za kucheza kwa saa bado ni PS4. Kwa hivyo namba kubwa inaamua pia nani anaingia na nani anabaki kutazama video za wengine.

Kama mfuko wako una saa chache tu za kulipia, lipia elfu tano. Hao watakuangalia machoni.