Je, Maumivu Yanaponya?

Sinema ya «Kinshasa Kids», kazi ya Mbelgiji Marc-Henri Wajnberg (2012), inaanza kwa ibada ya kufukuza pepo: watoto wametuhumiwa uchawi. Baadaye wanaishi barabarani, wanaunda kikundi cha muziki. Muziki ni mtamu kweli. Lakini twaona sinema inakimbia mno. Tulitamani itukalishe zaidi na mzazi ampelekaye mtoto wake mwenyewe, akiamini anamponya.

Maana hapo ndipo penye shida, hata kwa wasomaji wetu wa Butembo na Beni. Nani hutuhumiwa? Mara nyingi ni mwenye kifafa, mwenye kigugumizi, anayekojoa kitandani, asiyetulia. Hunyimwa chakula, huchapwa, pengine huchomwa. Wazungu nao wasitucheke: kule Massachusetts, Marekani, taasisi ya Judge Rotenberg Center imewapiga walemavu umeme ngozini ili waache kujiumiza. Serikali ilikataza mwaka 2020. Mahakama ikalitangua katazo mwaka 2021.

Watetezi husema: mtoto ameacha. Ndiyo, ameacha, kwa kuwa anaogopa. Lakini yule ajigongaye kichwa kwa sababu jino linamwuma, wala hana maneno ya kusema, amepona nini? Na mtoto wa Beni apigaye kelele usiku kwa mauaji aliyoyaona, ukimchapa atajifunza kulia kimya.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi. Kifafa, kwa upande wake, hakisikii fimbo; dawa yake, fenobabitali, inatumika tangu 1912.