Ustadi wa Kuichambua Namba

Katika fani zote za hesabu sijui moja inayohitaji vyombo haba na kutaka stahamala nyingi kama hii ya kuitafutia namba vigawo vyake, na vigawo vya vigawo hivyo, hata zikabaki zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi zao, yaani namba tasa. Kuzidisha ni kazi ya mtoto wa shule. Kuirejesha namba kwenye asili yake, huo ndio ustadi, na aghalabu mwenye pupa huukosa.

Tuitazame 8051. Haikubali mbili, kwa kuwa ni witiri. Haikubali tatu, kwa kuwa tarakimu zake zikijumlishwa huwa 14. Wala haikubali tano. Mwenye kuifuata njia iliyozoeleka ataijaribu kwa namba tasa moja baada ya moja, saba, kumi na moja, kumi na tatu, wala hana haja ya kuvuka 89, maana 90 kwa 90 ni 8100, nayo imekwisha kuipita. Lakini atashindwa mara 22 kabla ya kufaulu. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyeifanya hesabu kuwa maliwazo yake, alikuwa na njia nyingine: hiyo 8100 imeizidi namba yetu kwa 49, na 49 ni saba kwa saba, basi toa saba katika 90 upate 83, kisha iongeze upate 97, na vigawo ndivyo hivyo, vyote tasa. Njia hii ni karimu pale vigawo vinapokaribiana. Vikiwa mbalimbali, humchosha mtu kuliko ile ya kwanza.

Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa, alidai mwaka 1644 kuwa mbili kwa kipeo cha 67, ikipunguzwa moja, ni namba tasa. Kauli ile ilidumu zaidi ya karne mbili, hata Édouard Lucas mwaka 1876 akaleta burhani kuwa si tasa, na ajabu ni kwamba burhani yenyewe haikutaja kigawo hata kimoja. Ndipo Oktoba 1903, huko New York, Frank Nelson Cole aliposimama mbele ya wanahesabu wenziwe, na yasimuliwa kuwa hakutamka neno: aliikokotoa ubaoni namba ile yenye tarakimu 21, kisha kando yake akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, majawabu yakawa sawasawa, naye akarudi kuketi.

Mimi humhusudu Cole kwa kimya chake kuliko kwa hesabu yake. Wenye fani nyingine hulazimika kujitetea hata baada ya kazi kwisha, ilhali hapa vigawo vikishapatikana hakuna la kubishania, kwani kila mwenye kalamu aweza kuhakikisha mwenyewe. Asiyesadiki na achukue 9991, aitafutie vigawo vyake pasipo mashine, akikumbuka tu ya kuwa 100 kwa 100 iko jirani.