Robo Kabla ya Daftari

Anayetaka kumfundisha mtoto sehemu hukimbilia chapati. Si vibaya. Mtoto wa miaka sita hahitaji kuambiwa kwamba vipande vinne visivyolingana si robo, atagomba mwenyewe. Tabu huanza kwenye theluthi, maana kukata duara vipande vitatu sawasawa kwa jicho kunawashinda hata wakubwa. Isitoshe, chapati mbili hazilingani, na nusu ya ndogo yaweza kuzidiwa na theluthi ya kubwa. Anayelinganisha sehemu lazima kizima chake kiwe kile kile.

Jirani yangu mmoja, mwenye mtoto wa darasa la pili, aliiacha chapati mapema akachukua gazeti la zamani. Alikata tepe tano, kila mmoja sentimita 24. Urefu huo una hesabu yake: 24 hugawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8 bila kubaki kitu. Utepe wa kwanza aliuacha mzima. Wa pili aliukunja mara moja, wa tatu mara mbili, wa nne mara tatu, akapata nusu, robo na thumni. Wa tano aliupima kwa rula, alama kwenye 8 na 16. Kisha akazipanga zote, mmoja chini ya mwingine.

"Theluthi na robo, ipi kubwa?"

"Robo," mtoto akajibu bila kusita. Nne si inaizidi tatu? Ndivyo alivyofundishwa kuhesabu tangu chekechea. Mama hakubisha, alimwambia atazame tepe. Sentimita 8 juu, sentimita 6 chini. Kimya kidogo, halafu: "Kumbe! Huku wamegawana wengi, mama."

Sehemu niliyoipenda zaidi ni pale walipohesabu robo kama wanavyohesabu maembe. Robo moja, robo mbili, na hapo wakagundua wenyewe kwamba wamefika kwenye nusu, robo tatu, robo nne, utepe umekwisha. "Endelea," mama akasema. Ikabidi wakate utepe mwingine ili robo tano ipate pa kukaa. Vitabu vingi huchelewa mno kufika hapo, na mtoto akazoea kudhani kwamba sehemu haiwezi kuzidi moja.

Maandishi yalikuja mwisho: asili chini, vipande vya kizima, kiasi juu, vilivyochukuliwa. Wanaoanza na picha za kupaka rangi huvuna kosa maarufu: robo tatu zimepakwa, moja imebaki, mtoto anaandika 3/1.

Kujumlisha ningekuacha kwa muda, ila tepe zina jibu hata huko. Mtoto akisema 1/2 na 1/4 ni 2/6, mpe rula: 2/6 ya utepe ni sentimita 8, na nusu peke yake ni 12. Akishaliona hilo, mtume dukani akanunue sukari robo kilo mara mbili, amwombe muuzaji aziweke pamoja kwenye mizani.