Nani Asubiriwe? Data za Rada na Utumaji kwa Kundi

Hoja ya kutuma data kwa kundi huanza na hesabu nyepesi: wapokeaji wakiwa 50, kwa njia ya kawaida ya TCP, inayomhudumia kila mpokeaji peke yake, seva hutoa nakala 50 za kitu kilekile. Hivyo ndivyo LDM, programu ya kusambaza data za hali ya hewa iliyotengenezwa na kituo cha Unidata cha Marekani, ilivyosambaza data za NEXRAD, mtandao wa rada takriban 160 wa Marekani, tangu mradi wa CRAFT ulipoanza mwaka 1998 kuzipitisha kwenye intaneti data ghafi zilizokuwa zikirekodiwa kwenye kanda. Mzigo ulipunguzwa kwa seva kupokezana, moja ikilisha nyingine. Lakini hesabu hiyo, kwa maoni yangu, si kiini cha jambo. Kutuma pakiti moja ikanakiliwa njiani ni kazi rahisi. Kazi ipo kwa yule mmoja aliyeikosa. Wote wakitakiwa kukiri kila pakiti, mtumaji atazama katika majibu. Wote wakimsubiri aliyechelewa, dhoruba itakuwa imekwisha kupita, maana rada huchunguza anga upya kila baada ya dakika nne hadi kumi hivi.

LDM7, toleo la LDM la kutuma kwa kundi lililobuniwa na Unidata pamoja na Chuo Kikuu cha Virginia, liligawa kazi hiyo. Data hutoka mara moja kwa kundi zima kwa UDP, njia isiyosubiri kukiriwa, kwa kasi iliyopimwa. Anayeona pengo katika namba za pakiti huomba fidia faraghani, kwa TCP yake mwenyewe, bila kuwagusa wenzake. Na fidia ina muda. Ukipita, mtumaji huachana na faili hilo, na mpokeaji hulifuata baadaye kwa utaratibu wa LDM yenyewe. Atasema mtu kwamba uaminifu wenye saa si uaminifu. Ungekuwa ulegevu kwa hati za benki. Kwa rada, faili linalofika likiwa limechakaa limepotea vilevile. Pingamizi zito zaidi ni kwamba watoa huduma za intaneti kwa kawaida hawapitishiani utumaji wa kundi. Hilo ni kweli, ndiyo maana wabunifu walitegemea njia pepe za mitandao ya utafiti kama Internet2, ambako pakiti hufika kwa mpangilio na pengo huonekana papo hapo. Chuo kisicho na njia hiyo hubaki na TCP yake na nakala yake.